Mboga Zifaazo Kando ya Shamba la Chai

KATIKA vilima vya Kericho na Bomet, chai imetwaa sehemu kubwa ya ardhi, na mkulima mdogo hubakiwa na kipande cha uani tu cha kupandia mboga. Je, apande nini?

Jibu limo udongoni. Chai hupenda udongo wenye asidi nyingi, ilhali mboga nyingi hudhoofika humo. Vitunguu hudumaa, nayo kabeji huweza kupatwa na ugonjwa wa kuvimba mizizi. Viazi huvumilia zaidi.

Pahali bora ni palipokuwa na nyumba ya zamani au zizi la ng'ombe. Jivu na samadi ya miaka mingi hupunguza asidi, ndiposa chai ikipandwa hapo hugeuka manjano na hata kufa. Managu, saga na sukuma wiki hunawiri papo hapo. Tena huchumwa majani mara kwa mara, tofauti na kabeji ambayo hukatwa mara moja.

Asiye na pahali kama hapo atie samadi na jivu kiasi katika tuta la mboga, ila ajihadhari jivu lisifikie chai. Linalofaa mboga huidhuru chai inayomlipia karo.