Viza ya Kuhamia Ujerumani: Kazi Kubwa Huanzia Nyumbani

Mtanzania anayekusudia kuishi Ujerumani kwa zaidi ya siku 90, iwe kwa masomo, kazi au kuungana na mwenzi wake wa ndoa, hana budi kuomba viza ya taifa ya nchi hiyo, inayotambulika kwa herufi D, kabla ya kuondoka nchini. Viza ya Schengen, ambayo wengi huiita viza ya matembezi, humruhusu mgeni kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180, na kwa kawaida haigeuzwi kuwa kibali cha ukaazi baada ya mtu kufika.

Tofauti hiyo ndiyo inayowagharimu wengi. Mtu huuza kiwanja, humkabidhi fedha wakala anayemwahidi kwamba mambo mengine yatamalizikia hukohuko, kisha hujikuta ugenini akiwa na viza inayokaribia kwisha na bila ruhusa ya kufanya kazi. Sheria ya ukaazi ya Ujerumani humtaka mgeni awe ameingia kwa viza inayolingana na kusudi lake halisi. Aidha, kuanzia Oktoba 12, 2025, nchi za Schengen zilianza kutumia mfumo wa kielektroniki unaosajili kuingia na kutoka kwa wageni wa muda mfupi wasio raia wa Umoja wa Ulaya, pamoja na alama zao za vidole. Siku zilizozidi huhesabiwa na kompyuta, na anayezidisha muda anaweza kuamriwa kuondoka na kuzuiwa kurejea.

Maombi ya viza D hupokelewa na Ubalozi wa Ujerumani uliopo jengo la Umoja House, Dar es Salaam. Ada ni Euro 75 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, na hairejeshwi ombi likikataliwa. Fomu za aina nyingi za viza hiyo sasa hujazwa kwa njia ya mtandao, lakini mwombaji bado hufika ubalozini yeye mwenyewe akiwa na pasipoti na nyaraka halisi, na kutoa alama za vidole.

Ubalozi hauamui peke yake. Katika maombi mengi, jalada hupelekwa kwa mamlaka inayosimamia wageni katika mji ambao mwombaji anakusudia kuishi, nayo hutoa ridhaa au pingamizi. Ndiyo maana jibu huweza kuchukua wiki kadhaa na pengine miezi, na si busara kununua tiketi kabla ya viza kubandikwa kwenye pasipoti.

Masharti hutofautiana kwa kusudi la safari. Mwanafunzi asiye na ufadhili wala mdhamini huthibitisha uwezo wake kwa kuweka fedha katika akaunti maalumu iliyozuiwa. Kiwango kilichoanza kutumika Septemba 2024 ni Euro 11,904 kwa mwaka, na akishafika hutoa Euro 992 kila mwezi. Fedha hizo hubaki kuwa mali yake. Si ada ya mtu yeyote. Muuguzi hulazimika taaluma yake ipitie utaratibu wa kutambuliwa nchini humo, na mwenzi wa ndoa kwa kawaida huonesha ujuzi wa Kijerumani wa ngazi ya A1.

Hata hivyo, sehemu inayochelewesha wengi haipo ubalozini. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanahamis, na kitambulisho cha taifa kimeongeza jina la babu. Kwa afisa anayesoma jalada akiwa Ujerumani, hao wanaweza kuwa watu watatu. Marekebisho huombwa katika taasisi iliyotoa hati husika: vyeti vya kuzaliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na kwa Zanzibar kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kazi hiyo ifanyike kabla ya kuomba pasipoti, kwa kuwa pasipoti yenyewe hutegemea hati hizo.

Kwa wanaotafutiwa kazi, sheria ya huduma za ajira ya mwaka 1999 inamtaka wakala binafsi wa ajira awe na leseni. Mwombaji ana haki ya kuiomba leseni hiyo aione kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Ombi likikataliwa, njia ya kuuandikia ubalozi barua ya kuomba uamuzi upitiwe upya ilifutwa kuanzia Julai 1, 2025. Zilizobaki ni mbili: kuomba upya kwa nyaraka zilizokamilika, au kufungua shauri katika Mahakama ya Utawala mjini Berlin. Ya pili ni ndefu na ina gharama. Kwa aliyekataliwa kwa upungufu wa nyaraka, ya kwanza ndiyo ya maana zaidi.

Anayefanikiwa bado ana hatua mbili baada ya kuwasili. Hutakiwa kuandikisha anwani yake katika ofisi ya mji ndani ya wiki mbili tangu ahamie kwenye makazi yake, kisha kuomba kibali cha ukaazi kabla viza D haijaisha muda wake, kwa kuwa mara nyingi viza hiyo hutolewa kwa miezi michache tu.