UZI: Nani hasa wa kuulizwa kuhusu somo la uchoraji hapa Turbo?

Wiki hii nimesoma ahadi ya mtu anayetaka kiti cha MCA huku kwetu. Eti akichaguliwa, kila shule ya upili kwenye wadi yake itapata darasa la sanaa na mwalimu wa kuchora. Comments zote ni makofi. Simtaji, na wala si yeye pekee. Tukielekea Agosti 2027 ahadi hii itarudi mara nyingi, kwa hivyo wacha nieleze jinsi mambo yalivyo.

Kwanza, si kazi yake. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, pamoja na maktaba na shughuli za utamaduni. Shule za upili ziko chini ya serikali kuu. Mwalimu wa shule ya umma huajiriwa na TSC (Kifungu cha 237). Mjumbe naye, kupitia NG-CDF, anaweza kujenga darasa na kutoa basari, lakini hata yeye haajiri mwalimu. Akikuahidi mwalimu, muulize atamlipa na nini.

Sasa tuje kwa kiini, manake hapa ndipo watoto wanaumia kimyakimya.

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 wako kwenye mikondo mitatu: STEM, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Michezo. Uchoraji, uchongaji na mambo kama hayo yako kwenye huo wa tatu. STEM lazima iwe kila shule. Lakini shule zimegawanywa: kuna za mikondo miwili na kuna za mikondo mitatu. Ile ya miwili inafundisha STEM na Sayansi ya Jamii, basi. Sanaa haimo.

Na zile za mitatu ni nani? Mara nyingi ni shule kubwa za bweni, zenye majengo na majina. Shule ya kutwa iliyo karibu na mama wa Tapsagoi au Kiplombe kwa kawaida ni ya miwili. Kwa hivyo mtoto anayetaka sanaa itabidi aende bweni, ambako karo rasmi ni 53,554 kwa mwaka kwa zile zilizokuwa za kitaifa, na 40,535 kwa nyingi za ngazi iliyofuata. Hapo hujaongeza godoro, sanduku na nauli.

Jirani yangu anauza mboga sokoni Turbo. Kijana wake anachora watu mpaka unawatambua kwa mgongo. Kwenye fomu alijaza shule 12 kama wengine wote, sanaa ikiwa chaguo la kwanza. Sasa yuko shule ya kutwa, Sayansi ya Jamii. Hakufeli. Mamake alipiga tu hesabu ya bweni akaona haiwezekani.

Kuna wanaosema, “Si serikali imesema asilimia 15 tu ndio wa sanaa?” Hapana. 60 kwa STEM, 25 kwa Sayansi ya Jamii na 15 kwa sanaa ni makadirio ya kupangia walimu na madarasa. Si kipimo cha kumfungia mtoto wako mlango.

Halafu kuna tatizo la walimu, na hili ni la zamani kuliko mtaala wa sasa. Kwenye 8-4-4, sanaa na ufundi iliwahi kutahiniwa KCPE, kisha ikaondolewa. Sekondari ikabaki somo la hiari kwenye shule chache. Waliolisoma wakawa wachache, waliosomea kulifundisha wakawa wachache zaidi. Huwezi kuwavuna leo kwa sababu hukuwapanda.

Simlaumu mwalimu mkuu. Mgao rasmi ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na hata hizo hazifiki zote wala kwa wakati. Akizipata atanunua kemikali za maabara kwanza. Ningekuwa yeye, ningefanya vivyo hivyo.

Lakini ule msemo wa “sanaa ni ya waliofeli” unanichosha, hasa ukisemwa na mtu wa Eldoret. Rivatex iko hapo mjini, ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi 2007. Kila maua unayoyaona kwenye kitambaa kuna mtu aliyaketia akayachora kwanza. Mwenye kuandika bango la agrovet ni msanii. Mwenye kupamba matatu pia, na analipwa vizuri kuliko baadhi yetu tunaobishana hapa.

Kinachowezekana bila miujiza? Shule tatu jirani zigawane mwalimu mmoja wa TSC, awe na siku zake kila shule. Vifaa vya kuanzia si ghali: makaa, udongo wa mfinyanzi, mabaki ya mbao, ambayo Turbo hayajawahi kuadimika. Kaunti kwa upande wake ifungue kozi za sanaa kwenye vyuo vyake vya ufundi. Hiyo MCA anaweza kuisukuma kwenye bajeti, na hiyo ndiyo ahadi angetoa.

Kwa anayetaka ubunge nina swali moja: ni shule gani ya kutwa Turbo ungetaka iwe ya mikondo mitatu kwanza, na NG-CDF itajenga nini pale? Ataje jina la shule.

Mimi naenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kuuliza ni shule ngapi za kutwa huku zina mkondo wa sanaa. Nikijibiwa, nitaweka hapa chini.