Ziwa Litaganda Lini?

Kila ifikapo Desemba mama yetu hapa Jinja huwa na swali moja tu kwa kaka yangu, anayesoma Madison, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani: "Barafu imeshika kweli?" Maana kaka huenda kuvua samaki katikati ya Ziwa Mendota, tena kwa miguu! Hutoboa tundu katika barafu akatumbukiza ndoana.

Mwaka jana alinitaka nibashiri ziwa litaganda siku gani. Nikajibu upesi: siku ile ile hewa itakapofika digrii 0. Nilikosea kwa majuma kadhaa, na kosa hilo ndilo lililonifanya niandike habari hii.

Maji yana tabia ya ajabu. Yakipoa huzidi kuwa mazito, lakini mpaka digrii 4 tu. Yakipita hapo huanza kuwa mepesi tena. Basi baridi inapoanza, maji ya juu hupoa na kuzama, na yale ya chini yenye joto hupanda kushika mahali pake. Kazi hiyo huendelea mpaka ziwa zima lipoe kufikia digrii 4. Hapo tu ndipo maji ya juu yanapoweza kubaki juu, yakapoa hata 0 na kuganda. Kwa hiyo ziwa lenye kina huchelewa. Papo hapo Madison kuna Ziwa Wingra, ambalo kina chake hakifiki mita 5, nalo hutangulia. Mendota, lenye kina cha mita 25 hivi, hungoja kwa kawaida mpaka nusu ya pili ya Desemba, ingawa baridi ni ile ile moja.

Wabashiri hujumlisha baridi kama fedha: siku yenye wastani wa digrii 5 chini ya 0 huhesabiwa 5, ya kesho huongezwa juu yake, na kuendelea. Jumla ikitosha, hungojwa usiku mtulivu usio na mawingu. Hapo ndipo hesabu inapomponyoka mtu, kwani upepo wa usiku mmoja huweza kuvunja ganda jembamba, kazi ikaanza upya.

Kuyeyuka nako kuna utaratibu wake. Theluji nyeupe hurudisha mwanga wa jua. Ikiisha, barafu huwa nyeusi, hupata joto na kulegea ndani hata ikiwa bado nene. Upepo humalizia.

Watu wa Madison wameandika tarehe hizi tangu miaka ya 1850. Majira ya baridi ya 1880–81 Mendota lilifungwa na barafu siku 161. Ya 2001–02, siku 21 tu. Ndiyo maana kaka hategemei kalenda. Hutoboa na kupima: barafu safi ikipungua sentimita 10, hurudi nyumbani.

Nilipomsomea mama barua hiyo, aliniomba rula azione hizo sentimita 10. Hakuridhika.