Simu moja, macho kumi: tukague mihogo pamoja



Juzi tulikuwa watu 10 kwenye shamba la mama mmoja. Kikundi kilitaka kuchukua mbegu kwake. Sasa mbegu ya muhogo ni pingili, na ukigawa pingili zenye ugonjwa, umegawia kijiji kizima.

Nikafungua Nuru, programu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, waliyoitengeneza na IITA. Ukielekeza kamera kwenye jani, inachora kiboksi juu ya picha ya jani hilo hilo na kukutajia tatizo: batobato, michirizi ya kahawia au utitiri wa kijani. Shambani haihitaji bando. Huku kuweka alama juu ya kitu halisi unachokitazama ndiko wataalamu wanakoita uhalisia ulioongezwa.

Kosa langu: simu niliishika mwenyewe. Nikapima jani moja la juu, likaonekana zima, wote wakaitikia, "Haya, afisa kasema."

Mzee mmoja nyuma alikuwa kimya. Kioo hata hakukiona. Nikampa simu. Akainama kwenye majani ya chini, kiboksi kikatokea: michirizi ya kahawia.

Mwenye shamba akakataa. "Hayo yamezeeka tu!" Tukang'oa shina, tukakata mzizi. Ndani kulikuwa na uozo mkavu wa kahawia. Watu kimya.

Tangu siku hiyo tunafanya hivi:

1. Kila mtu aseme anachokiona kabla simu haijawashwa. Simu ikitangulia, watu wanaacha kufikiri.
2. Simu ishikwe na wakulima kwa zamu, watu 3 au 4 kwa simu moja. Mmoja azuie jua lisipige kioo.
3. Pimeni majani 6 kwa kila shina, yakiwemo ya chini. Utafiti uliochapishwa 2020 ulionyesha Nuru inapatia asilimia 65 kwa jani moja, na 74 hadi 88 kwa majani 6. Sisi maafisa ugani tulipata 40 hadi 58 tu, kwa hiyo msituamini kwa macho peke yake.
4. Mkibishana, kateni mzizi. Simu inaona majani, haioni chini ya udongo.

Yule mama aliumia, lakini hakuachwa. Anavuna mapema mizizi iliyo mizima, na kikundi kimeahidi kumletea pingili safi.

Wewe pingili zako umezikagua na nani?