Kijidudu cha Udongoni na Mafuta ya Jikoni

Akina mama wengi huuliza: je, mbegu mpya ya alizeti tunayouziwa dukani ndiyo ile "iliyochezewa" na wataalamu? Swali hili ni la haki, maana mbegu ndiyo chakula cha watoto na ada yao ya shule. Mama anayelima Mchuchuma, wilayani Ludewa, na yule anayenunua mafuta sokoni Njombe au Makambako, wote wanastahili jibu la kweli.

Tuanze na udongo. Humo huishi bakteria aitwaye agrobakteria. Mmea ukipata kidonda, yeye huingia na kupachika kipande cha chembe zake za urithi ndani yake, na uvimbe huota shinani. Erwin Smith na C. O. Townsend wa Marekani walimtambua mwaka 1907 kuwa ndiye chanzo cha uvimbe huo. Mwaka 1977 Mary-Dell Chilton na wenzake walithibitisha kwamba kweli huhamisha chembe zake.

Basi wataalamu wakamfanya tarishi. Humwondolea chembe za uvimbe, humpa chembe wanayoitaka, kisha huchovya vipande vya mche katika maji yenye bakteria hao. Vichache vinavyopokea hukuzwa chupani mpaka viwe mimea kamili. Ndivyo ilivyopatikana kanola isiyokufa kwa dawa ya magugu, iliyoruhusiwa Kanada mwaka 1995.

Hata bila maabara jambo hili hutokea. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba viazi vitamu tunavyokula vina chembe za bakteria hao tangu zama za kale.

Na alizeti? Alizeti ya namna hiyo haiuzwi kwa wakulima popote duniani. Hapa Tanzania, Januari 2021, Wizara ya Kilimo ilisitisha majaribio ya mbegu zilizobadilishwa hivyo.

Mbegu chotara ya dukani ni jambo jingine. Huyo ni mtoto wa alizeti mbili zilizochaguliwa na kuchavushwa. Huzaa vizuri, lakini ukirudia kupanda punje zake, mimea haifanani na mavuno hupungua. Mbegu ya zamani ya Record unaweza kuitunza mwenyewe: chagua vichwa vizuri vya katikati ya shamba, mbali na chotara.

Kwa hiyo, mama, kabla hujatoa fedha, uliza kama mbegu ni chotara. Kama ndiyo, kaeni na baba watoto mtenge fungu la kuinunua kila msimu.