Kesi kortini, jina debeni: Sheria yasemaje kuhusu wawaniaji wanaoandamwa na mashtaka?

KILA uchaguzi mkuu unapokaribia nchini Kenya, swali moja hufufuka vijiweni, ndani ya matatu na katika majukwaa ya kisiasa: je, mtu anayekabiliwa na kesi mahakamani anafaa kuruhusiwa kuomba kura?

Upande mmja wa wananchi hushikilia kwamba kumkabidhi mshukiwa hazina ya umma ni sawa na kumpa fisi bucha alinde. Upande wa pili hujibu kwamba mashtaka si hatia, na kwamba iwapo kesi pekee ingetosha kumzima mtu, basi walio mamlakani wangewafungulia wapinzani wao mashtaka kila baada ya miaka mitano ili wabaki peke yao uwanjani.

Malumbano hayo huchacha kwa sababu mambo manne huchanganywa: tuhuma, mashtaka, hukumu na kuondolewa afisini na bunge. Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 haiyatazami manne hayo kwa jicho moja.

Vizingiti vya Katiba

Kifungu cha 99 cha Katiba ndicho kinachoorodhesha watu wasioruhusiwa kuwania ubunge. Miongoni mwao ni mtu aliyehukumiwa kifungo cha angalau miezi sita gerezani, ikiwa anakitumikia wakati wa kusajiliwa kuwa mwaniaji au siku ya uchaguzi. Mwingine ni yule ambaye imebainika kisheria kwamba alitumia vibaya afisi ya umma au kukiuka Sura ya Sita, inayohusu uongozi na maadili.

Vizingiti hivyo havimhusu mbunge pekee. Kifungu cha 137 kinasema kuwa anayewania urais sharti awe amehitimu kuwania ubunge. Gavana naye, kwa mujibu wa Kifungu cha 180, ni lazima awe amehitimu kuwania udiwani, na masharti ya udiwani katika Kifungu cha 193 yanakaribia kufanana na yale ya ubunge.

Hata hivyo, Kifungu cha 99(3) kinaongeza maneno yanayobadilisha sura ya mambo. Kinasema kwamba hakuna atakayezuiwa kutokana na kifungo au uamuzi wa aina hiyo hadi nafasi zote za kukata rufaa au kuomba uamuzi upitiwe upya zitakapokwisha.

Ukijumlisha hayo na Kifungu cha 50, kinachomchukulia kila mshtakiwa kuwa hana hatia hadi itakapothibitishwa vinginevyo, utaona kuwa kushtakiwa pekee hakumwondoi mtu debeni. Hata kupatikana na hatia katika mahakama ya kwanza huenda kusitoshe, mradi rufaa ingali hai.

Mtihani wa 2013

Mtihani mkubwa zaidi wa kanuni hizo ulikuja katika uchaguzi wa Machi 4, 2013. Januari 23, 2012, Mahakama ya Kimataifa kuhusu Uhalifu, ICC, iliidhinisha mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu yaliyowakabili Uhuru Kenyatta na William Ruto, miongoni mwa wengine. Mashtaka hayo yalitokana na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa na wengine zaidi ya 600,000 kufurushwa makwao.

Wawili hao waliungana chini ya muungano wa Jubilee, Bw Kenyatta akiwania urais na Bw Ruto akiwa mgombea mwenza. Katika mdahalo wa urais wa Februari 2013, Bw Kenyatta alieleza kesi hiyo kuwa changamoto ya kibinafsi ambayo haingemzuia kutekeleza majukumu ya taifa. Mpinzani wake mkuu, Raila Odinga, alimjibu kwamba ingekuwa vigumu kuendesha serikali kutoka The Hague kwa njia ya Skype.

Mashirika ya kijamii yalielekea kortini yakitaka wawili hao wazuiwe kwa misingi ya Sura ya Sita. Februari 15, 2013, majaji watano wa Mahakama Kuu walikataa ombi hilo. Walisema kuwa suala linalohusu uchaguzi wa rais ni la Mahakama ya Juu, na kwamba kuidhinishwa kwa mashtaka katika ICC hakukuwa kumewaondolea washtakiwa haki ya kuchukuliwa kuwa hawana hatia.

Bw Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07 ya kura. Kesi yake iliondolewa na upande wa mashtaka Desemba 2014 kwa ukosefu wa ushahidi wa kutosha, kiongozi wa mashtaka akilalamikia kutopata ushirikiano wa serikali. Ile ya Bw Ruto ilisitishwa na majaji wengi wa ICC Aprili 5, 2016, bila ya yeye kutangazwa kuwa hana hatia.

Kwa waliowaunga mkono, matokeo hayo yalithibitisha kwamba ingekuwa dhuluma kuwazuia kuwania kwa kesi ambazo hazikusimama. Kwa wakosoaji, yalionyesha hatari ya kumpa mshtakiwa mamlaka ya dola inayotarajiwa kusaidia kukusanya ushahidi dhidi yake. Waathiriwa wa ghasia nao walibaki bila hukumu ya kuwaambia nani aliyewajibika.

Rufaa kama ngao

Mfano wa jinsi rufaa inavyoweza kuwa ngao ulishuhudiwa Sirisia, Kaunti ya Bungoma. Juni 2020, mbunge John Waluke alipatikana na hatia katika kesi iliyohusu malipo kutoka Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao. Alihukumiwa kifungo cha miaka 67 au alipe faini ya zaidi ya Sh1 bilioni.

Alikata rufaa, akaachiliwa kwa dhamana, akawania tena Agosti 9, 2022 na kuchaguliwa. Ilipofika Oktoba mwaka huo, Mahakama Kuu iliitupa rufaa yake ya kwanza, naye akaendelea kupigania haki yake katika Mahakama ya Rufaa. Wapiga kura wa Sirisia walikuwa wamechagua kabla ya rufaa hiyo ya kwanza kuamuliwa.

Kabla ya uchaguzi huo, Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, EACC, iliwasilisha kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, majina ya wawaniaji 241 iliyosema walikuwa na dosari za kimaadili. Wengi wao waliidhinishwa. IEBC ilisisitiza kwamba mikono yake ilifungwa na sheria, hasa kwa wale ambao rufaa zao hazikuwa zimekamilika.

Zogo kama hilo lilimhusu pia Rigathi Gachagua, aliyekuwa mgombea mwenza wa Bw Ruto. Julai 28, 2022, siku 12 tu kabla ya kura, Mahakama Kuu iliagiza Sh202 milioni zilizokuwa katika akaunti zilizohusishwa naye zitwaliwe na serikali. Kwa kuwa kesi hiyo ilikuwa ya kiraia, haikuwa na kifungo ambacho kingemzuia kuwania. Kesi ya jinai iliyomkabili iliondolewa Novemba 2022, miezi miwili baada ya kuapishwa kuwa Naibu Rais.

Anayeng'olewa na bunge

Hali ni tofauti kwa kiongozi aliyeondolewa afisini kwa kura ya bunge. Kifungu cha 75 kinasema kwamba mtu aliyetimuliwa kwa kukiuka masharti fulani ya maadili hawezi kushikilia wadhifa mwingine wa kitaifa.

Mike Sonko alionja makali ya kanuni hizo. Seneti iliidhinisha kuondolewa kwake kama gavana wa Nairobi Desemba 17, 2020. Alipojaribu kuwania ugavana wa Mombasa 2022, suala la kung'olewa kwake lilimfuata hadi pwani. Julai 15, 2022, Mahakama ya Juu iliidhinisha kutimuliwa kwake, na jina lake halikufika kwenye karatasi za kura.

Hapo ndipo penye kitendawili kinachowasumbua wengi. Mtu aliyehukumiwa na hakimu baada ya ushahidi kuchambuliwa kwa miezi mingi anaweza kuwania rufaa yake ikiendelea, ilhali aliyeondolewa na wanasiasa wenzake kwa kura ya siku moja anaweza kujipata nje. Ndiyo sababu kutimuliwa kwa Bw Gachagua na Seneti mnamo Oktoba 17, 2024, uamuzi alioupinga mahakamani, kulizua mara moja mjadala kuhusu nafasi yake katika uchaguzi wa 2027.

Mataifa mengine

Kenya haiko peke yake. Nchini Afrika Kusini, Katiba inamzuia kuingia bungeni mtu aliyehukumiwa kifungo cha zaidi ya miezi 12 bila nafasi ya kulipa faini, hadi miaka mitano ipite baada ya adhabu kukamilika. Rais wa zamani Jacob Zuma alikuwa amefungwa miezi 15 mwaka wa 2021 kwa kudharau mahakama. Mei 20, 2024, siku tisa kabla ya uchaguzi, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba hangeweza kuwania. Hata hivyo, chama chake cha uMkhonto weSizwe kilipata zaidi ya asilimia 14 ya kura, ishara kwamba korti inaweza kuliondoa jina la mtu lakini si ufuasi wake.

Marekani imechukua mkondo mwingine. Katiba yake inataka rais awe raia wa kuzaliwa, mwenye umri wa angalau miaka 35 na aliyeishi nchini humo kwa miaka 14. Haimfungii nje mtu kwa sababu ya kuhukumiwa. Mei 30, 2024, Donald Trump alipatikana na hatia ya makosa 34 jijini New York, na Novemba mwaka uo huo akachaguliwa tena kuwa rais.

Kiini cha tatizo

Ukichunguza mifano hii, utaona kuwa mvutano hautokani tu na sheria kuwa kali au legevu. Chanzo kikubwa ni mwendo wa kobe wa kesi zenyewe. Moses Lenolkulal, aliyekuwa gavana wa Samburu, alishtakiwa kwa ufisadi mwaka wa 2019 na kupatikana na hatia Agosti 2024. Ferdinand Waititu, aliyekuwa gavana wa Kiambu, alishtakiwa pia 2019 na hukumu ikatolewa Februari 2025. Uchaguzi mzima wa 2022 ulipita katikati.

Wakati huo, mahakama ilikuwa imepata njia ya kati. Julai 2019, Mahakama Kuu ilimzuia Bw Lenolkulal kuingia afisini mwake kesi ikiendelea, kwa hoja kwamba anayedaiwa kupora mali ya umma hafai kuendelea kuisimamia. Hivyo mshtakiwa anaweza kunyimwa ufunguo wa afisi lakini akaruhusiwa kuomba kura za kurejea humo.

Wanaotaka Sura ya Sita ipewe meno wanasema uongozi si haki ya kimsingi kama uhuru wa kutofungwa jela, bali ni dhamana, na anayeitaka sharti awe na sifa safi. Wanaopinga wanakumbusha kuwa Kifungu cha 38 kinampa kila raia mzima haki ya kuwania, na kwamba haki hiyo ikipokonywa kwa shtaka tu, haitarudishwa mtu akipatikana hana hatia baada ya uchaguzi kupita.

Kesi zingeamuliwa mapema, rufaa zikiwemo, pande zote mbili zingeridhika: mwenye hatia angekaa kando kwa mujibu wa sheria, naye asiye na hatia angesimama jukwaani bila doa. Kesi zinapojikokota, anayenufaika ni mkosaji, na anayeumia ni aliyesingiziwa pamoja na mwananchi anayelazimika kuamua gizani.

Hadi hilo lirekebishwe, mzigo unabaki kwa mpiga kura. Anaposikia kuwa mwaniaji fulani ana kesi, inafaa aulize: je, ni tuhuma za majukwaani au mashtaka yaliyo kortini? Je, kuna hukumu, na rufaa imefika wapi? Je, mhusika amekuwa akifika mahakamani na kujibu, au amekuwa akiahirisha kila uchao?

Sheria humweleza mpiga kura ni nani anayeruhusiwa kuwania. Haimwambii ni nani anayefaa. Uamuzi huo wa pili Katiba imemwachia yeye, na akikosea, atasubiri miaka mitano kuurekebisha.