"Mbadala" au "nyongeza"? Neno moja katika tiba ya Korea

Tunapotafsiri maandishi ya afya, kalamu hukimbilia "tiba mbadala" kila penye sindano na mizizi. Kwa tiba ya jadi ya Korea Kusini, naona neno hilo linapotosha, na linaweza kumdhuru mgonjwa.

Tuanze na jina. Wakorea huiita hanuihak. Zamani silabi han iliandikwa kwa herufi yenye maana ya China. Mwaka 1986 ikawekwa nyingine yenye maana ya Korea. Matamshi yalibaki yale yale. Kitabu chake kikuu ni Donguibogam cha mganga Heo Jun, kilichochapishwa mwaka 1613. Leo daktari wa tiba hiyo husoma chuo kikuu miaka 6 na hupata leseni yake, tofauti na ya daktari wa tiba ya kimagharibi.

Kazi yake mojawapo ni kushughulikia madhara ya matibabu ya hospitali. Wakorea huyaita bujagyong, yaani "kitendo cha pili", karibu sana na effets secondaires ya Kifaransa. Mgonjwa wa kansa anayepewa kemotherapia huweza kutapika na kuchoka. Kemotherapia inaendelea, na pembeni yake kichefuchefu hutibiwa kwa sindano nyembamba mahali paitwapo naegwan, "lango la ndani": upande wa ndani wa mkono, vidole vitatu juu ya kifundo, kati ya kano mbili. Mwaka 1997 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilikubali kwamba sindano husaidia watu wazima wenye kichefuchefu baada ya upasuaji au kemotherapia. Halikusema kwamba zinaponya kansa.

Mizizi inataka uangalifu zaidi. Jinsengi inaweza kupunguza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kwa hiyo mgonjwa awaambie madaktari wa pande zote mbili kila anachokunywa.

Sasa turudi kwenye neno letu. Mbadala huchukua nafasi ya kingine. Anayesoma "tiba mbadala" anaweza kuacha dawa za hospitali, huku uvimbe ukiendelea kukua. Napendekeza tuandike "tiba ya nyongeza" pale tiba mbili zinapokwenda pamoja. Walimu wetu wa istilahi wakiwa na neno bora zaidi, walilete tulijadili.